Mzigo Mmoja wa Kuni

Obadia Ngelangela hakunipa mkono. Aliingia ofisini kwangu ametia viganja vyote viwili mifukoni mwa koti lake la sufi, akasema "Kamwene, Dada Msomaji" kwa mdomo tu, kisha akajisogeza mbele yangu, kola imefunguliwa, nimsome. Hapa Ilambajuu, kwenye baridi hii ya kupasua midomo, mtu asiyetoa mkono kwenye salamu ama ni mgonjwa, ama ni mchawi. Yeye mgonjwa hakuwa.

"Kamwene," nikamjibu. "Mkono una nini, mzee?"

"Hauna kitu, na ndivyo ninavyotaka ubaki. Siku tisini simpi mtu hata joto la kiganja."

Akacheka peke yake. Nikachukua kibao changu cha kusomea, nikakigusisha na Shahidi wake.

Shahidi ni kidude cha ukubwa wa kizibo cha soda. Kila mgombea ubunge hubandikwa cha kwake juu ya mfupa wa bega la kushoto siku anapopitishwa. Kinasikiliza mapigo ya damu, kwa hiyo huwezi kumvalisha mbwa wako ukaenda zako. Kinaona kila kinachotoka mkononi mwa mgombea na kila kinachoingia, kinakadiria uzito wake na kukitafutia bei ya sokoni ya siku hiyo hiyo. Kazi ya bure nayo ina bei: ukilimiwa shamba, umepokea. Kikishaona kitu chenye bei kinawaka taa nyekundu, na hakizimi mpaka mtu kama mimi aje kusoma. Ukikibandua mwenyewe, umejitoa kwenye uchaguzi.

Cha Ngelangela kilikuwa kijani, wiki ya saba mfululizo.

"Msafi?" akauliza.

"Msafi."

"Andika vizuri, dada. Bandika pale sokoni wote waone."

Akatoka, na mlango akausukuma kwa kiwiko.

Sasa msije mkanielewa vibaya. Sheria ile mimi niliipenda. Bibi zetu walinunuliwa kwa kilo ya sukari na fulana inayochuja rangi kwa fuo la kwanza, wakapiga vigelegele, wakarudi nyumbani kusubiri zahanati miaka mitano. Mwenye nazo alimwaga fedha akaingia, na akishaingia alizirudisha kwa njia anayoijua. Ndipo ukaja Mfuko wa Sauti. Kila aliyekusanya alama za viganja mia tano za wapiga kura alipewa fungu la kampeni kutoka hazina ya umma, sawa sawa na mwenzake. Mali yake binafsi ilifungwa siku tisini. Na hela ya Mfuko inajua kazi yake: inalipia jukwaa, turubai, viti, vipaza sauti, mabango na vibarua wa kuandaa uwanja wa mkutano. Jaribu kununulia nyanya uone, inakufia kwenye simu muuzaji anakutazama.

Wasomi walioiandika walikaa ukumbini wakapongezana kwamba wamemfunga fisi. Hawakuuliza kama fisi ana jamaa.

Ngelangela ana kiwanda cha mbao, na kiwandani kwake kuna watu mia tano na ushee. Sheria haikukataza kiganja kimoja kudhamini wagombea wengi. Basi viganja vile vile mia tano vilimdhamini yeye, vikamdhamini dereva wake wa lori Zebedayo, shemeji yake, fundi cherehani wake, kinyozi wake, na wengine saba wa jinsi hiyo. Kumi na mmoja, na yeye wa kumi na mbili. Kila mmoja akapewa fungu lake la umma, jukwaa lake na vipaza sauti vyake, na kila mmoja alipanda jukwaani kusema yeye anagombea, naam, lakini kwa kweli anayefaa ni Mzee Ngelangela. Tulikomesha tajiri kununua uchaguzi kwa hela yake. Akaununua kwa yetu.

Wa kumi na tatu alikuwa Mama Skolastika Luvanda, mkunga wa zahanati. Huyo alikuwa wake mwenyewe.

*

Alikuja siku ya pili yake, kajifunika shali mpaka masikioni, na kabla hajaifunua nikaona wekundu unapenya kwenye sufi.

"Kamwene, mwanangu," akasema, akanipa mkono.

"Kamwene, mama. Hebu kaa."

Nikasoma. Kibao kikaandika: *Kimetoka mkononi: kuni kavu, mzigo mmoja, kilo kumi na tisa. Kimepokelewa.*

"Mama, ulimpelekea nani kuni?"

"Kaduma. Kafiwa na mkewe, hukusikia? Ulitaka niende mikono mitupu?"

"Wewe ni mgombea."

"Nilikuwa jirani yake kabla sijawa mgombea. Hivi kwenu Tukuyu mnaendaje msibani? Mnapunga mikono?"

"Tunapeleka ndizi," nikasema, na aibu ikanishika, kwa sababu nilijua anachosema. Hapa kwao mwanamke haingii nyumba ya msiba bila mzigo wa kuni kichwani. Maiti hulala siku mbili tatu, waombolezaji hukesha, na baridi ya huku haina huruma. Asiyepeleka kuni hazomewi, wala hasemwi. Watu wanamwacha tu, mpaka zamu yake ifike.

"Na ulipoubeba hukukumbuka?"

"Nilikumbuka nikiwa nafunga kamba. Nikasema labda hicho kidude kina akili. Kumbe hakina."

Sote wawili tulijua kitu kimoja ambacho mji mzima unakijua: katika kila Mashahidi arobaini, mmoja ni mbovu. Msomaji anaandika "kibovu", anabandika kipya, yamekwisha. Hakuna anayekagua, kwa kuwa Mfuko hauna wakaguzi wa kuwakagua wakaguzi.

"Andika kibovu basi," akasema taratibu. "Wala sijiombei mimi. Unaijua Lihoma."

Lihoma naijua. Ni chemchemi ya mwisho. Nyingine mbili zimenyonywa na miti ya milingoti ya Ngelangela mpaka zimebaki majina tu, na Lihoma inatiririka kwenye ardhi ya hifadhi, ambayo mbunge ndiye anayeketi kwenye kamati ya kuigawa. Maji ya zahanati yanatoka hapo. Mama Luvanda amezalisha nusu ya jimbo kwa maji ya ndoo kutoka Lihoma.

"Akiingia yule, nitawaogesha watoto kwa nini? Kwa ilani?"

Nilitaka kuandika. Mungu anaona nilivyotaka. Lakini miaka sita nyuma, kwenye jimbo jingine, niliandika "kibovu" kwa ajili ya mwalimu mmoja mwema, kwa sababu tu alikuwa mwema. Wiki iliyofuata walinijia wanne, wote wema kwa maelezo yao wenyewe, na wote wanajua nilichofanya. Nikawaandikia wote. Watatu kati yao leo ni waheshimiwa, na mmoja kajengea mbwa nyumba ya vigae.

"Siwezi, mama."

"Huwezi, au unaogopa?"

"Vyote viwili."

Macho yakamjaa machozi ya hasira. Halafu akasimama, akajifunga shali.

"Haya. Bandika. Na wewe ukifiwa, mwanangu, nitakuletea kuni. Usidhani nitakusahau."

Nikambandua Shahidi kwa mkono wangu. Jioni ile ile nikapigilia tangazo kwenye ubao wa sokoni: *Skolastika Luvanda. Ametoa: kuni, mzigo mmoja. Ameondolewa.* Wanawake wa viazi wakasogea kusoma. Mmoja akasoma mara mbili kwa sauti, akanigeukia.

"Kwa kuni?"

"Kwa kuni."

"Na hii sheria waliitunga watu waliozaliwa na nani?"

Kesho yake vipaza sauti kumi na viwili vilizunguka vichochoroni vikitangaza kwamba mtoa rushwa amekamatwa. Vililipiwa na umma, na fungu la Mama Luvanda lililobaki lilishagawanywa kwa wagombea waliosalia, kama sheria inavyosema. Nilifunga dirisha nikatukana peke yangu kwa Kinyakyusa, ndiyo lugha ninayotukania vizuri.

Kilichobaki kwenye karatasi ya kura ni majina kumi na mawili ya mtu mmoja, na chini kabisa kiboksi kitupu kisicho na jina. Hicho nacho kimo kwenye sheria. Kikipata kura nyingi kuliko wote, wagombea wote wanaanguka na uchaguzi unaanza upya, milango wazi kwa kila mtu, hata aliyeondolewa. Hakijawahi kushinda popote. Watu humwekea tiki mlevi wa mtaa kwa mzaha kuliko kukiwekea kiboksi.

*

Siku tisa kabla ya kura, mama yake Ngelangela akafariki.

Bibi Semfilinge alikuwa na miaka tisini na kitu, na katika miaka hiyo hakuwahi kukosa msiba wa mtu. Alipozidiwa na magoti alikuwa anapeleka kijiti kimoja, anakiburuta kwa kamba, anakiweka motoni mwenyewe. Kwa hiyo habari zilipotoka, mji mzima ulifunga kamba. Nilipofika getini kwa Ngelangela asubuhi ile, kwa kuwa mgombea akifiwa Msomaji lazima awepo, nilikuta wanawake zaidi ya mia mbili, mizigo kichwani, na wanaume wana majembe ya kuchimbia kaburi.

Geti lilikuwa limefungwa. Yeye kasimama kwa ndani.

"Rudini!" alikuwa akipiga kelele. "Msiingize kitu humu! Mtaniangamiza!"

"Obadia, ni kuni za mama yako," mzee Kaduma akamwambia.

"Naziona! Zina bei! Na majembe yenu yana bei! Ondokeni, jamani, zimebaki siku tisa tu!"

Nimeona watu wakifukuza wadai, nimeona wakifukuza wezi. Anayefukuza wazikaji wa mama yake nilimwona siku hiyo. Watu walishusha mizigo nje ya ukuta wakasimama, hawajui waende wapi, kwa sababu desturi haina sura ya jambo kama hilo.

Mchana akawa amepata akili, kama ile naweza kuiita akili. Mali yake imefungwa, hawezi kukodi mchimbaji kwa hela yake. Kupokea hawezi. Lakini fungu la Mfuko analo. Akajaza fomu: *Mkutano wa kampeni, namba kumi na nne. Mahali: nyumbani kwa mgombea. Mahitaji: turubai, viti mia tatu, vipaza sauti, vibarua wanne wa kuandaa uwanja.* Mtambo wa Mfuko ukasoma, ukaona kila kitu kimo kwenye orodha, ukaidhinisha kwa dakika moja. Mtambo haujui kaburi. Unajua uwanja.

Kesho yake geti likafunguliwa. Wanawake wakaingia mikono mitupu, maana kwenye mkutano hupeleki kuni, na wanaume wakabaki na majembe yao mkononi bila ruhusa ya kuyatumia. Jeneza liliwekwa mbele ya jukwaa, chini ya bango la Ngelangela akitabasamu meno yote. Kulia kwake wamepangwa wale kumi na mmoja wake, kila mmoja na Shahidi wake begani. Nyuma ya nyumba vibarua wanne wanagonga ardhi kwa sururu.

Mkutano wa Mfuko una kanuni. Ni saa mbili, si zaidi. Mgombea lazima anadi ilani. Lazima apokee maswali matatu. Ikigonga kengele, hela inakata.

Alianza na mama. Alilia pia, nisimnyime haki yake. Alilia dakika mbili, akaitazama saa, akahamia kwenye barabara ya lami. Katikati ya lami akakunja uso.

"Wale wa nyuma wanipunguzie kelele! Watu hawanisikii!"

Sururu zikanyamaza. Akaendelea: lami, umeme, ajira kwa vijana, lami tena. Ikapita saa nzima ya mikono kifuani huko nyuma. Hakuna hata mmoja kati ya kumi na mmoja aliyethubutu kumnong'oneza kwamba lile shimo bado.

Ukafika muda wa maswali. Mama Luvanda akasimama safu ya tatu.

"Kamwene, mgombea. Naomba kuuliza. Sisi hapa tumekuja kumzika Bibi Semfilinge, au tumekuja kukusikiliza wewe?"

Ngelangela akanitazama mimi. Alijua akisema msiba, kila kiti pale ni hela ya umma iliyoibwa. Akasogeza kipaza sauti.

"Huu ni mkutano wa kampeni."

"Asante. Basi tutakaa kama watu wa mkutanoni."

Akakaa. Na wanawake waliokuwa wakilia chini chini, mmoja mmoja, wakajifuta macho, wakanyoosha migongo, wakamwangalia yeye tu. Ukimya ule sikuupenda hata mimi ambaye sikuwa nimemkosea mtu.

Kengele ikagonga. Papo hapo vijana wa kukodisha vitu wakaanza kuvuta viti, watu bado wamekalia. Turubai likashuka, manyunyu yakaanza kutulowesha. Vibarua wakatoka shimoni wakakung'uta suruali. Shimo lilikuwa la kiunoni.

"Malizieni!" Ngelangela akawaambia.

"Simu imekata, bosi," mmoja akasema. "Na bure hatuwezi, utapata nyekundu."

Wakaondoka. Zebedayo, dereva wake wa miaka ishirini, akainama akaokota jembe la pale pale nyumbani.

"Weka chini!" Ngelangela akamfokea. "Wewe ni mgombea, mimi ni mgombea! Unataka kutuua wote?"

Zebedayo akaliweka chini. Wale kumi na mmoja wakabaki wamesimama wameshika mikono yao nyuma. Ndipo Ngelangela akanijia, na kwa mara ya kwanza mikono ikatoka mifukoni, lakini hakunigusa.

"Dada. Mama yangu. Andika kibovu. Saa moja tu, hawa watu wamzike, halafu unibandike kipya. Nakuomba."

Kabla sijafungua mdomo, Mama Luvanda akawa kando yangu.

"Mwandikie, mwanangu."

Nikageuka nikamkazia macho. "Wewe nilikukatalia."

"Najua. Nilikuwa na mzigo wa kuni. Huyu ana mama. Bibi yule hana kosa."

Hasira ilinipanda, na wala si kwa Mama Luvanda. Nilimdharau yule mtu, na bado nilimwonea huruma yule bibi ndani ya sanduku. Nikamwambia Ngelangela polepole, ili mji wote usikie:

"Mimi siandiki. Lakini hicho kidude kipo begani kwako, si kwangu. Kibandue. Ukishakibandua si mgombea tena, na watu hawa hapa watamzika mama yako kabla manyunyu hayajawa mvua."

Akanyanyua mkono. Vidole vikakishika kidude. Wanaume walishaanza kusimama, majembe mkononi. Nilimwona anapima, naapa nilimwona, macho yanakwenda kwenye jeneza, yanakwenda kwenye bango.

Mkono ukashuka. Akavua koti, akaokota lile jembe lake.

"Msiguse," akasema. "Mtu asiguse kitu."

Akaingia shimoni.

Alichimba saa tatu. Watu hawakuondoka. Waliketi kwenye nyasi zilizolowa, wanaume majembe yamelala magotini, wakamtazama. Hakuna aliyemcheka. Alipomaliza alilivuta jeneza peke yake mpaka ukingoni, akalifunga kamba, akajaribu kulishusha upande mmoja, kisha wa pili. Likamponyoka. Upande wa kichwa ulitangulia chini kwa kishindo, na wanawake mia mbili wakaziba midomo kwa wakati mmoja. Zebedayo alikuwa analia waziwazi. Ngelangela akafukia haraka haraka, akapandisha udongo, akaja mbele yangu ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi, akanyoosha bega.

"Soma."

Nikasoma. Kijani.

"Msafi?"

"Msafi."

*

Jioni nilipigilia tangazo lake pale sokoni. La Mama Luvanda bado lilikuwepo, mvua imelikunja pembe, nami nikaweka lake kando yake kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. *Obadia Ngelangela. Amefiwa na mama. Hakutoa kitu. Hakupokea kitu. Ni msafi.* Niliandika nilichokisoma, sikuongeza hata nukta.

Wanawake wa viazi wakasogea kama kawaida. Yule aliyeniuliza siku ile akasoma la kushoto, akasoma la kulia, akarudia la kushoto. Safari hii hakuniuliza kitu. Akawaita wenzake, nao wakawaita wengine, na kwa siku saba zilizofuata ubao ule haukukosa mtu mbele yake. Vipaza sauti kumi na viwili viliendelea kupita vikitangaza jinsi mgombea wao alivyo msafi. Vilisema kweli tupu.

Jumapili walipiga kura. Saa kumi na moja jioni nilisimama kwenye ngazi za shule nikasoma matokeo. Kiboksi kitupu kilipata kura elfu tisa na mia sita. Uchaguzi unaanza upya, milango wazi. Mama Luvanda alikuwa nyuma ya umati, kajifunika shali lake, na watu waliokuwa karibu naye walianza kumnyooshea viganja kabla sijamaliza kusoma.

Ngelangela alipata kura kumi na moja. Wagombea wake, pamoja na yeye mwenyewe, ni kumi na wawili.

Nani alimnyima, kura ni siri, na mimi sikuuliza. Jumatatu asubuhi Zebedayo alikuwa wa kwanza kufika ofisini kubanduliwa Shahidi. Nilipomaliza akanipa mkono, akaushikilia wangu muda mrefu, kiganja kigumu na cha moto.

"Sasa naruhusiwa kupeleka kuni, Dada Msomaji?"

"Unampelekea nani?"

"Bibi."

Nikachungulia nje. Mzigo ulikuwa mlangoni, umeshafungwa kamba.